Jike wa Kwanza Anarudi

Maman mkunga alinipa samaki kwa masharti ya mbuzi.

Kwetu mtu akiwa na mbuzi wengi humpa jirani jike mmoja amfugie. Mbuzi huyo analala kwa jirani na kula majani ya jirani, lakini si wa jirani. Akizaa, jike wa kwanza anarudi kwa mwenye mbuzi. Akisharudi, mama anakuwa wa yule aliyemfuga, na hakuna tena wa kumwuliza kitu. Asiporudi, mwenye mbuzi anakuja na kamba yake na kumchukua mama. Hakuna anayegombana, kwa sababu kila mtu anajua tangu mwanzo. Ni hivyo kwa mbuzi, kwa nguruwe, na kwa kobayi, wale wanyama wadogo wenye manyoya ambao watu hapa Bukavu huwafuga jikoni chini ya meza. Kwa samaki sikuwa nimesikia.

Maman mkunga anakaa juu kidogo ya kwetu, kwenye mteremko uleule. Alizalisha wanawake hospitalini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na vijana wengi wa mtaa walipita mikononi mwake, mimi nikiwemo. Ndiyo maana hatupendi kukutana naye mbele ya watu. Hachelewi kueleza jinsi ulivyotoka. Mimi, anasema, nilitoka kimya kabisa, ikabidi anipige makofi.

"Na mpaka leo," huongeza, "iko kimya tu."

Nafanya kazi kwenye karakana ya vioo. Tunakata vioo vya madirisha, vya meza na vya kabati za maduka. Niliacha shule baada ya darasa la sita, nikaanza kwa kushika upande wa pili wa kioo wakati fundi anakata, na sasa nakata mwenyewe. Siku moja nilitumwa kwa maman mkunga kwa sababu akwariumu yake, lile sanduku la kioo la kufugia samaki, ilikuwa imepasuka pembeni. Nilikuta samaki wamehamishiwa kwenye beseni kubwa la kufulia, katikati ya sebule, wamefunikwa kitenge wasiruke. Nilitoa kioo kibovu, nikakwangua silikoni ya zamani kwa wembe, nikaweka kioo kipya na kukizungushia silikoni mpya. Silikoni inataka kukauka siku kadhaa kabla ya kuguswa na maji. Kila jioni nikitoka kazini nilipita kuibonyeza kwa kidole. Haikuhitaji kubonyezwa. Nilikuwa nakwenda kuangalia beseni.

Ni samaki wa ziwa letu hili la Kivu, wale wadogo wa kwenye mawe. Mkubwa wao hazidi urefu wa kidole. Watu wa kisiwa cha Idjwi huwavua pamoja na wengine na kuwakaanga bila kuwatenga. Marehemu mume wa maman mkunga ndiye aliyewaleta wa kwanza, hai, ndani ya bidoni, dumu la plastiki, siku alizokuwa akienda Idjwi kwa kazi. Katika beseni ukiwatazama kwa juu unaona migongo ya kijivu tu, na huwezi kusema huyu ni nani na yule ni nani. Jioni moja maman mkunga alimteka mmoja kwa bilauri na kuinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Ubavu wake ulikuwa wa bluu, na kwenye pezi la chini, karibu na mkia, alikuwa na madoa ya njano kama mayai yamechorwa.

"Huyu njo papa," alisema, yaani ndiye baba. Akamrudisha, akateka mwingine. Huyo alikuwa na rangi ya kijiko. "Na huyu njo maman. Anabebaka mayai mukinywa. Yakitotoa, anabeba na batoto mukinywa vilevile, na hakuli mpaka wameweza kuogelea. Mimi kama wanawake niliowazalishaka wangekuwa hivi, ningekuwa ninalala."

Aliniangalia kupitia bilauri.

"Unapenda kuwaangalia?"

"Ndiyo, maman."

"Basi chukua hawa wawili. Nyumba yangu imewajaa. Uwafuge. Jike wa kwanza anarudi kwangu."

Nilidhani anatania. Hakucheka.

Nilitengeneza akwariumu yangu kwa vipande vilivyobaki kazini, fundi aliniruhusu. Upande mmoja ni kioo cha kijani kidogo, mwingine ulikuwa wa mlango wa duka na una mkwaruzo mrefu. Mama yangu alinipa kona ya sebule, kwenye kimeza cha redio. Redio ilihamia dirishani. Alisimama kutazama nilipokuwa namimina maji.

"Kwa hiyo tutakuwa tunamufuga samaki."

"Ndiyo, maman."

"Akinenepa?"

"Anabaki humo humo."

"Hatumukaangi."

"Hapana."

"Eh. Tutakuwa tunamuangalia tu, kama picha ya askofu."

Maji niliyaleta kutoka ziwani, bidoni moja kila mara niliposhuka, kwa sababu ya bomba yananuka dawa, na siku nyingine bomba halitoi kitu. Chakula kilikuwa sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakavu niliowatwanga mpaka wakawa unga. Pampu ndogo ya hewa nilipata kwa fundi wa redio, ikawa inafanya kazi umeme ukiwepo. Umeme usipokuwepo nilichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, ili yachanganyike na hewa. Dada yangu mkubwa akinikuta hapo alikuwa anasema, "Endelea kuwakoroga, uji utaiva."

Dume alichimba shimo kwenye mchanga kwa kinywa chake, akibeba mchanga na kuutema kando, siku nzima. Alikuwa akitetemeka mbele ya jike na kumfukuza. Niliweka mawe na vipande vya chungu kilichovunjika ili jike apate pa kujificha. Baadaye jike aliacha kula, na koo lake likavimba kama la mtu mwenye jino bovu. Mama alisema anaumwa, nimtoe asiambukize mwingine. Nilimwambia ni mjamzito. Mama akainama, akatazama tumbo, akaniambia tumbo halina kitu. Nilimwonyesha koo. Alitazama kwa muda, kisha akarudi jikoni kwa kobayi zake.

Watoto walipotoka walikuwa kama nzi wenye macho. Nikikaribia ghafla waliingia tena kinywani mwa mama yao, wote, na mama akafunga kinywa na kunitazama. Sikumwita mtu. Nilikaa hapo mpaka chakula kikapoa.

Walikua polepole. Baadhi walipotea, nadhani baba yao aliwala. Waliobaki walikuwa wa kijivu wote, kila mmoja rangi ya kijiko kama mama yao, na hapo ndipo shida ilipoanza, ingawa sikujua kwamba ni shida. Nilifurahi. Niliona dume mmoja wa bluu, yaani baba, na majike watupu waliobaki.

Wakati huo kwa maman mkunga mambo yaliharibika. Mpwa wake alikuja kutoka Walungu kukaa kwake muhula mmoja. Ni kijana mwenye huruma. Aliona samaki wanapewa unga kidogo tu, akaona hicho si chakula cha mtu, akawakatia bugali, tonge baada ya tonge, mpaka maji yakawa meupe. Maman mkunga alikuwa kwenye msiba wa ndugu. Aliporudi alikuta dume mmoja mkubwa anapumua juu ya maji, na wengine wameelea. Alipomuuliza mpwa wake, kijana alisema walikuwa bado na njaa, kila alipowatupia walikuwa wanapokea.

Alimtuma mtu kuniita. Nilimkuta amekaa mbele ya akwariumu na miguu kwenye kigoda. Dume yule alikuwa peke yake kwenye maji mapya.

"Wako wanazaa?" aliuliza.

"Wamezaa, maman."

"Jike iko?"

"Wako wengi."

"Mimi ninataka mmoja tu. Dume peke yake ni pambo." Akagusa kioo kwa kidole, akaongeza, "Mzee alimuletaka babu ya huyu mu bidoni. Alikuwa anatapika njiani, mzee, sio samaki. Ziwa lilikuwa na mawimbi."

Nilimwambia nitaleta.

Jioni hiyo nilisimama mbele ya akwariumu nichague. Mama alikuja na kuni mkononi. Mama anajua kuchagua. Watu wa mtaa wakitaka kobayi jike wa kuanzia humwita yeye, na siku za soko shangazi zangu humtembeza katikati ya mbuzi. Kwa kobayi anamgeuza na kubonyeza kidogo, lakini anasema hata kabla ya kumgeuza ameshajua. Nilimwomba anichagulie.

"Jike ni yule asiyegombana," alisema. "Angalia yule pale pembeni. Anakula kando, anaacha wenzake wamalize. Mwili wake munene, mutulivu. Yule njo jike. Na yule mwenye mukia wa kupasuka, yule anayepiga kila mutu, usimuguse, yule ni dume mubaya, atakuja kuua baba yake."

Ilikuwa kweli kwamba mwenye mkia uliopasuka alikuwa mgomvi. Alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wengi, lakini alikuwa na jiwe lake, na hakuna aliyepita karibu na jiwe hilo. Yule mnene mtulivu nilimteka kwa urahisi, hakukimbia hata. Nilimpeleka kwa maman mkunga katika bidoni ndogo ya mafuta iliyooshwa vizuri. Alimtazama, akasema mzuri, akaniambia nipeleke salamu nyumbani. Nilishuka mteremko nikiwa na bidoni tupu. Nilihisi kwamba sasa mama samaki ni wangu.

Haikupita muda akaniita tena. Nilimkuta yeye na mpwa wake wamesimama. Ndani ya maji kulikuwa na samaki wawili wa bluu, wameshikana vinywa, wanavutana kutoka kioo hadi kioo.

"Angalia bibi arusi uliyeniletea," alisema maman mkunga.

Nilitazama. Yule mtulivu alikuwa amebadilika kabisa. Alikuwa na ubavu wa bluu na madoa ya njano kwenye pezi.

"Alikuwa jike, maman."

"Hakuwa jike. Nimekumbuka sasa, mzee alinielezaka, nikasahau. Dume mudogo akikaa na baba yake anavaa kijivu, anatulia, anakaa pembeni ili asipigwe. Ukimutoa kwa baba yake, anavaa suti."

Mpwa alicheka. Maman mkunga alimtazama, kijana akaacha kucheka.

"Nimezalisha maelfu," alisema, "hakuna mutoto alinifanyaka hivi. Dume wawili nyumba moja, hakuna mwanamuke. Hii ni kambi ya askari." Akaketi. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, jambo nililokuwa naliogopa: "Siku ya Yenga, kisha misa, nitakuja kwenu kuchukua mama yao. Ule tunajua ni jike. Kama utapata mwingine mbele ya Yenga, leta. Lakini leta jike."

Yenga ndiyo Jumapili. Hakuwa amekosea. Mwenye mbuzi anafanya hivyo. Lakini bila mama, ningebaki na baba na kundi la watoto wa kijivu ambao mmoja baada ya mwingine wangevaa suti, na mwisho akwariumu yangu ingekuwa kambi ya askari pia, halafu angebaki mmoja, halafu hakuna. Nilimuuliza, nikiangalia mlango, jinsi ya kumjua jike bila rangi.

"Kama mutoto muchanga," alisema. "Unageuza, unaangalia, unasema. Chini ya tumbo kuna matundu mawili. Dume, yote mawili madogo, sawasawa. Jike, la nyuma ni kubwa, kama si hivyo mayai yatapita wapi? Lakini lowesha mukono. Na usimubane."

Nilijaribu kwa mkono. Haikuwezekana. Samaki mdogo kama yule ukimshika kwa upole anatoka, ukimshika kwa nguvu anaumia, na tumbo lenyewe halionekani kwa kuwa anajipindapinda. Wa kwanza aliruka akaanguka nyuma ya kimeza. Nilimtafuta kwenye vumbi, nikamrudisha akiwa na nyuzi za zulia mgongoni. Dada yangu alikuwa anasuka nywele za jirani pale pale.

"Eh, petit," alisema. "Sasa wewe ni mukunga wa samaki? Waambie wasukume."

Jirani alicheka mpaka uzi ukatoka mkononi.

Siku iliyofuata kazini, fundi alipokwenda kula, nilikata vipande vyembamba vya kioo safi na kuvigandisha kuwa kisanduku chembamba, kirefu kama kidole na chembamba kiasi kwamba samaki akiingia hawezi kugeuka. Niliacha silikoni ikauke juu ya rafu mpaka karibu na mwisho wa juma. Kisha nilikipeleka nyumbani, nikakijaza maji ya akwariumu, na nikamwingiza kwanza mama yao. Nilitaka kujua jike mwenye hakika yukoje kabla ya kutazama wengine. Nilikinyanyua juu ya kichwa, nikasimama dirishani karibu na redio, nikamtazama kwa chini kupitia kioo. Tumbo lilikuwa jeupe. Matundu mawili, la nyuma kubwa na la duara, kama alama ya ncha ya penseli iliyobonyezwa. Baada yake nilimwingiza baba. Vitone viwili, sawasawa, vidogo. Niliwarudia wote wawili ili macho yazoee.

Halafu nikawachukua watoto mmoja mmoja. Vitone viwili. Vitone viwili. Mwingine sikuweza kusema, alikuwa mdogo bado. Vitone viwili. Watulivu wote waliokuwa wakila pembeni, ambao mama yangu angewachagua na mimi ningewachagua, walikuwa na vitone viwili. Mwenye mkia uliopasuka nilimwacha wa mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimeshamwamulia. Ilichukua muda kumteka, alinizunguka nyuma ya jiwe lake. Alipoingia kwenye kisanduku alikipiga kioo kwa kichwa. Nilimnyanyua kwenye mwanga. Tundu la nyuma lilikuwa kubwa kuliko la mbele. Si kubwa kama la mama yake, lakini kubwa.

Nilimwita mama yangu akatazama. Alisema anaona tumbo la samaki.

"Ni jike huyu, maman."

"Huyu? Huyu alimupiga jana mudogo wake mpaka akajificha ndani ya chungu."

"Ni jike."

"Basi wanaume wa ziwani wana shida," alisema.

Sikumpeleka kwa maman mkunga siku hiyo. Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeshampelekea bibi harusi mmoja wa uongo, na sikutaka kupanda tena mteremko na bidoni na kusimama mbele yake na mpwa wake. Nilimrudisha kwenye maji. Kesho yake asubuhi nilipotupa unga wa sambaza, wote walikuja juu, isipokuwa yeye. Alikuwa nyuma ya jiwe lake. Baba alikuwa wa bluu kabisa, na kulikuwa na shimo jipya kwenye mchanga. Nilipiga magoti. Koo lake lilikuwa limevimba. Alikuwa akitafuna bila kula, taratibu, kama mtu anayehamisha pipi kutoka shavu moja hadi lingine.

Jumapili maman mkunga alikuja baada ya misa, amevaa kitenge cha chama cha akina mama cha parokia, ndoo mkononi na kitambaa cha kufunikia ndani yake. Mama yangu alimpa kiti na chai.

"Chukua tu, maman," mama yangu alimwambia. "Ni haki yako. Huyu mutoto alijaribu, mimi mwenyewe nilimudanganya."

Maman mkunga aliweka kikombe chini, akasogea karibu na kioo, akamwona mama yao na kuanza kukunja mkono wa blauzi.

"Si huyo," nilisema.

Wote waligeuka. Nilionyesha nyuma ya jiwe.

Maman mkunga alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akavuta kiti. Alitazama muda mrefu. Chai yake ilipoa.

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Anakula?"

"Hapana, maman."

"Mbele alikuwa anakula?"

"Mingi."

"Mume ni nani?"

Nilionyesha baba yao.

"Baba yake?"

"Hakuna mwingine, maman."

Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena. "Samaki," alisema, na mama yangu akasema, "Samaki, kweli."

Nilitoa bidoni nimweke humo, lakini alinizuia kwa mkono. Alisema mimba ya kwanza haisafirishwi. Alisema hata wewe huwezi kumpandisha pikipiki mwanamke wa mimba ya kwanza na kumpitisha barabara ya Walungu wakati wa mvua, halafu ushangae. Atabaki hapo mpaka azae. Kuhusu mama yao hakusema neno. Alichukua ndoo yake tupu akaondoka, na mimi sikujua kama ndoo ile ilikuwa imeahirishwa au imefutwa.

Alianza kuja kila asubuhi. Alikuwa anaketi kwenye kiti kilekile, anauliza kama usiku ulikuwa mzuri, anatazama koo, anakunywa chai, anaondoka. Mama yangu alizoea kumwandalia kikombe. Walizungumza juu ya watu waliozaliwa na waliokufa, na mimi nilikaa karibu na akwariumu nikiwasubiri wamalize ili niende kazini. Mara nyingine alinigeukia na kuniuliza jambo la samaki, nami nikajibu. Ilikuwa rahisi zaidi kwa sababu sote tulikuwa tunatazama kioo.

Kisha asubuhi moja nilitupa unga na mwenye mkia uliopasuka akaja juu wa kwanza, akala. Koo lake lilikuwa limelala. Nilitafuta watoto kwenye mchanga, kwenye chungu, nyuma ya mawe. Hapakuwa na mtoto. Na hazikuwa zimepita siku za kutosha.

Dada yangu alitazama juu ya bega langu. "Basi alikuwa dume mwenye mafua," alisema.

Maman mkunga alifika na kuketi mbele ya kioo. Aliona mwenyewe. Samaki alikuwa akila, koo limelala, na mbele ya watu waliokuwa wamesikia habari za mimba hiyo hapakuwa na mtoto hata mmoja. Nilitazama mikono yake kuona kama amekuja na ndoo. Alikuwa na mkoba tu. Mama yao alikuwa akizunguka karibu na kioo, mkubwa, wa kijivu, rahisi kutekwa.

"Ile kisanduku yako iko wapi?" maman mkunga aliniuliza.

Nilikileta. Nilimteka mwenye mkia uliopasuka, akakipiga kioo kwa kichwa kama kawaida yake. Nilikinyanyua juu dirishani, na maman mkunga akasimama karibu nami, bega lake kwenye mkono wangu, akainua kidevu na kutazama kwa chini kupitia miwani yake. Alisogeza mkono wangu kidogo kuelekea kwenye mwanga. Mama yangu alikuwa mlangoni na kijiko mkononi.

"Amezaa," alisema maman mkunga.

"Wako wapi basi?" dada yangu aliuliza.

"Amewameza. Wa kwanza, hajui. Ya pili atajua." Aliendelea kutazama. "Lakini amezaa, tundu limefunguka. Huyu siwezi kukosea." Alishusha kidevu, akashika shingo yake kwa nyuma. "Mushushe, asichoke. Nitamuchukua huyu. Mama yao ni yako."

Tulimpeleka asubuhi ileile, nilichelewa kazini. Maman mkunga alitangulia, mimi nilimfuata na bidoni, nikiibeba mbele kwa mikono miwili kwa sababu udongo ulikuwa bado unateleza. Tulimwachia kwenye akwariumu yake. Dume mkubwa wa zamani alikuja mbele yake, akajipinda, akatetemeka, akaonyesha madoa yake ya njano. Mwenye mkia uliopasuka alimgonga ubavuni. Dume akarudi nyuma. Akaja tena, akagongwa tena. Mpwa wa Walungu alisogea kuona.

"Shangazi, huyu njo jike?"

"Njo yeye," alisema maman mkunga. "Na wewe usimupe kitu."

Dume wa pili, yule mtulivu wangu, nilimtoa na kumrudisha nyumbani katika bidoni ileile, kwa kuwa pale hapakuwa tena na nafasi yake. Nilikuwa nimeanza kupima kwa macho, njiani, kimeza cha redio na ukubwa wa vipande vilivyobaki kwenye rafu ya karakana. Nyumbani niliweka bidoni jikoni, karibu na kobayi, niende kutafuta beseni. Mama yangu alifungua kifuniko akachungulia. Safari ilikuwa imemtisha yule samaki. Bluu yote ilikuwa imemtoka, na alikuwa amejikunja chini, wa kijivu, hasogei.

"Lakini huyu njo jike," mama alisema. "Angalia alivyo mutulivu."